HELA: ASILI YA JINA HILI NA MAANA YAKE

Katika masoko ya Mwanza mjini, na ya Magu, na Sengerema, na Nansio katika kisiwa cha Ukerewe, neno hela lasikika kutwa. Auzaye dagaa ataka hela, na anunuaye hulalamika kuwa hana hela. Walakini ukimwuliza mmoja wao, "Je, hela moja ni kiasi gani?" hatakuwa na jibu. Shilingi moja aijua, na shilingi mia azijua, bali hela moja haijui, kwa kuwa siku hizi hela si kipimo. Ni jina la fedha yo yote, ikiwa nyingi au ikiwa chache.

Zamani haikuwa hivyo. Hela ilikuwa sarafu moja maalum ya shaba nyekundu, na hela 100 zilifanya rupia moja, si zaidi wala si pungufu. Mtu aliyesema "nakudai hela ishirini" alikuwa ametaja kiasi kamili, na kila mtu alimwelewa. Twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za jina hili, lilikotoka, lilivyotumika, na lilivyogeuka. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya kupitisha wakati tu. Wako watu walio na hati za wazee wao zilizoandikwa kwa rupia na hela, nao hawajui kuzisoma. Na waalimu huulizwa na watoto maswali wasiyoweza kuyajibu. Tena katika habari hii mna fundisho la hesabu ambalo halijapitwa na wakati.

FEDHA ZILIZOTANGULIA

Kabla ya sarafu kuenea katika nchi za kandokando ya ziwa, watu walifanya biashara kwa vitu. Wahunzi wa Kirongo, katika nchi ya Usinza na Geita, walifua majembe ya chuma, na majembe hayo yalinunua mbuzi na ng'ombe, hata yakatolewa katika mahari. Upande wa Bukoba na Buganda watu walihesabu kwa simbi, yaani kauri zitokazo pwani. Wenye misafara walileta ushanga na nguo za merikani. Wasukuma nao walikwenda mbali hata ziwa Eyasi kuchukua chumvi, na chumvi ile ikawa bidhaa ya thamani.

Pwani sarafu zilikuwako tangu zamani. Iliyokuwa kubwa ni riale ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Baadaye rupia ya Bara Hindi ilienea kwa ajili ya wafanya biashara wa Kihindi. Rupia hiyo iligawanyika katika ana 16, na kila ana katika pesa 4. Kwa hiyo rupia moja ilikuwa na pesa 64. Jina pesa ni la Kihindi, nalo lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba tu, wala si la fedha zote. Seyyid Barghash wa Unguja alitengenezesha pesa zake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijra, ambao ni mwaka 1882, akaziwekea picha ya mizani.

Kampuni ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipoanza kutengeneza sarafu zake mwaka 1890, haikuleta hesabu mpya. Ilifuata desturi iliyokuwapo. Rupia yake ya fedha ilikuwa na uzito ule ule wa rupia ya Bara Hindi, na upande mmoja palikuwa na sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Pesa yake ya shaba ilikuwa na picha ya tai upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu, kusudi watu wa pwani wapate kuisoma. Pesa 64 ziliendelea kuwa rupia moja.

Miaka ile ile Wadachi walifika ziwani. Emin Pasha aliweka boma Bukoba mwaka 1890, na boma la Mwanza likajengwa mwaka 1892. Sarafu zikaja pamoja na maaskari na mishahara yao. Kisha mwaka 1897 ikatolewa sheria ya kodi ya nyumba, na nyumba ya shamba ikatozwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni watu wengine walilipa kwa mazao au kwa kazi, lakini serikali ilitaka sarafu, na tangu hapo mtu wa shamba alilazimika kuijua rupia hata kama hakuipenda.

KUJA KWA HELA

Mwaka 1904 mambo yalibadilika. Serikali ya Wadachi ilikuwa imekwisha kuchukua kazi ya kutengeneza sarafu kutoka katika mikono ya kampuni, nayo ikaamuru kwamba rupia isigawanywe tena katika pesa 64, bali katika vipande 100, na kila kipande kiitwe Heller. Ikaamuru pia kwamba rupia 15 ziwe sawa na mark 20 za Ulaya.

Msomaji ataweza kuuliza: kwa nini waliliita jina hilo, na Ujerumani sarafu ndogo iliitwa pfennig? Angalieni hesabu. Mark moja ilikuwa na pfennig 100. Rupia ilikuwa sawa na mark moja na theluthi, yaani pfennig 133 na theluthi. Kwa hiyo sehemu ya mia ya rupia haikuweza kuwa pfennig, kwa maana ilikuwa pfennig moja na theluthi. Kama wangaliipa jina hilo, pangalikuwa na pfennig mbili zenye thamani mbali mbali katika dola moja, na makarani wangalichanganyikiwa. Jina lingine lilitakiwa, na Heller lilikuwa jina la zamani lililojulikana na kila Mdachi, wala halikuwa na kazi tena nchini kwao.

Sarafu zilizotengenezwa ni hizi. Palikuwa na nusu hela, iliyotengenezwa tangu 1904 mpaka 1906. Palikuwa na hela moja ya shaba nyekundu, yenye taji la kifalme na jina la nchi upande mmoja, na upande wa pili thamani yake ndani ya shada la majani. Hiyo ilitengenezwa tangu 1904 mpaka 1913. Mwaka 1908 ikatoka hela tano ya shaba, sarafu nzito mno, yenye uzito wa gramu 20. Mwaka ule ule ikatoka hela kumi ya madini meupe yenye tundu katikati, na mwaka 1913 hela tano nayo ikafanywa ndogo, nyeupe, yenye tundu. Sarafu za tundu zilifaa sana, kwa kuwa mtu asiye na mfuko aliweza kuzitunga katika kamba. Juu ya hizo palikuwa na sarafu za fedha: robo rupia, nusu rupia na rupia nzima.

Wadachi walitamka Heller, na watu wetu wakatamka hela. Herufi za mwisho zilianguka kama zinavyoanguka daima neno la kigeni liingiapo katika Kiswahili.

JINA LATOKA KATIKA MJI

Heller si neno lenye maana ya fedha wala ya shaba. Latoka katika jina la mji. Kusini ya Ujerumani kuna mji uitwao Hall, na siku hizi jina lake kamili ni Schwäbisch Hall. Mji huo tangu kale ulikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi, na watu wake waliyachemsha maji yale wakapata chumvi ya kuuza. Karibu na mwisho wa karne ya 12 wafalme wa wakati ule walikuwa na kiwanda cha sarafu mjini humo. Pfennig zilizotengenezwa huko zilikuwa na picha ya mkono upande mmoja na ya msalaba upande wa pili. Watu wakaziita "pfennig za Hall", kisha kwa kufupisha wakasema "Heller", yaani ya Hall.

Mwanzoni ilikuwa sarafu ya fedha. Lakini kila miaka ilipopita fedha ilipunguzwa na shaba ikazidishwa, hata mwisho ikawa nyekundu, na thamani yake ikawa ndogo kuliko zote. Hapo jina likapata maana ya kitu kidogo kabisa. Hata leo Wajerumani, wakitaka kusema mtu hana kitu, husema hana hata heller nyekundu. Martin Luther, katika tafsiri yake ya Agano Jipya iliyopigwa chapa mwaka 1522, alitumia neno hilo hilo katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, panaposemwa habari za mdeni asiyefunguliwa mpaka amelipa sarafu yake ya mwisho.

Msidhani kuwa jambo hili la sarafu kuitwa kwa jina la mji ni la ajabu. Neno dola lilipatikana vivyo hivyo. Katika nchi ya Bohemia palikuwa na mji wenye machimbo ya fedha uitwao Joachimsthal, na sarafu kubwa zilizotengenezwa huko tangu karne ya 16 ziliitwa thaler. Thaler ile ndiyo ndugu ya riale ya Maria Theresa tuliyoitaja, na ndiyo iliyozaa jina la dola ya Marekani. Mji mmoja ulitoa jina la fedha kubwa, na mji mwingine ulitoa jina la fedha ndogo. Na yote mawili yalifika Afrika.

Nchi nyingine pia zilitumia jina la heller. Austria iliweka fedha mpya mwaka 1892, krone moja kwa heller 100. Wacheki wakaendelea nalo kwa matamshi yao, haléř, na sarafu zao za mwisho za jina hilo ziliacha kutumika mwaka 2008, ingawa kwa hesabu koruna yao ingali ina haléř 100.

HESABU YA PESA NA HELA

Sasa tufike kwenye jambo lililowagusa watu kwa kweli. Sarafu mpya inapokuja, jina la zamani haliondoki mara moja. Mtu aliyezoea kusema pesa huona kipande cha shaba, akakiita pesa, hata kama sicho. Na hapo ndipo hasara ilipoweza kuingia. Tazameni hesabu hii:

Rupia 1 ni pesa 64, nayo ni hela 100.
Nusu rupia ni pesa 32, nayo ni hela 50.
Robo rupia ni pesa 16, nayo ni hela 25.
Ana 1 ni pesa 4, nayo ni hela 6 na robo.

Kwa hiyo pesa moja haikuwa hela moja. Ilikuwa hela moja na nusu na kidogo zaidi. Tuseme mkulima alizoea kuuza mzigo wake wa karanga kwa pesa 40. Pesa 40 ni hela 62 na nusu. Kama mnunuzi alimhesabia vipande 40 vya shaba mpya, na mkulima akavipokea akidhani ni pesa zile zile, alikuwa amepoteza hela 22 na nusu katika mzigo mmoja, yaani zaidi ya theluthi ya mali yake. Tena hakuona kitu cho chote cha kumtia shaka, kwani hesabu ya vipande ilitimia.

Tuzidi kuhesabu. Kodi ya rupia 3 ilikuwa hela 300. Mtu aliyepunjika hivyo mara 14 alikuwa amepoteza hela 315, na hiyo ni zaidi ya kodi ya nyumba yake ya mwaka mzima. Kwa tajiri, hela 22 na nusu hazikuwa neno. Kwa mtu wa shamba zilikuwa mzigo. Ndiyo maana ya kuwako nusu hela pia: katika biashara ya watu maskini hata nusu ya kitu kidogo yahesabika.

Kwa hiyo yule aliyejua maana ya jina hela, kwamba ni sehemu ya mia na si sehemu ya sitini na nne, alikuwa na ngao. Asiyejua alitegemea uaminifu wa mnunuzi.

FEDHA MBILI KATIKA ZIWA MOJA

Mwanza ilikuwa na jambo lake la peke yake. Reli ya Waingereza ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na meli zikapita ziwani. Mwanza haikuwa na reli mpaka mwaka 1928, ilipofika njia ya kutoka Tabora. Kwa hiyo katika zamani za Wadachi ngozi na karanga na nta za Usukuma zilipelekwa kwa meli mpaka Kisumu, na kutoka huko kwa gari la moshi mpaka Mombasa. Mji wa Wadachi ulifanya biashara yake kwa njia ya Waingereza.

Upande wa Waingereza rupia ilikuwa ile ya Bara Hindi, yenye pesa 64. Lakini kuanzia mwaka 1906 nao waliigawanya katika sehemu 100, wakaziita senti. Rupia yao ilihesabiwa 15 kwa pauni moja, na ya Wadachi 15 kwa mark 20. Na kwa kuwa pauni ilizidi mark 20 kwa kidogo tu, rupia hizo mbili zilikaribiana sana. Basi senti ya Kisumu na hela ya Mwanza zilikuwa kama ndugu wawili, kila moja sehemu ya mia ya rupia ya kwao. Lakini jina pesa lilibaki midomoni mwa watu pande zote mbili, hata baada ya sarafu yenyewe kukoma.

VITA NA MWISHO WA HELA

Vita Kuu ya mwaka 1914 ilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani, na sarafu hazikuweza kuja tena kutoka Ulaya. Wadachi walipiga chapa noti za karatasi humu humu nchini, nyingine za karatasi dhaifu sana. Mwaka 1916 walitengeneza sarafu katika karakana ya reli huko Tabora: hela 5 na hela 20, kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, na madini mengine yalitoka katika maganda ya risasi. Walitengeneza pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na mlima, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Hizo ndizo zilizokuwa hela za mwisho.

Majeshi ya Waingereza yaliuchukua mji wa Mwanza tarehe 14 Julai 1916, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliingia Tabora. Baada ya vita, rupia ya Waingereza iliondolewa, na kuanzia mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye senti 100. Rupia moja ya Waingereza ilihesabiwa kuwa shilingi 2. Shilingi ile nayo ilipisha shilingi ya Tanzania, baada ya Benki Kuu ya Tanzania kufungua milango yake mwaka 1966.

Hela ya shaba ikawa haina kazi. Walakini jina halikufa.

JINA LIBAKIAPO BAADA YA SARAFU

Twaona sababu ya jina hili kubaki. Rupia ilikuwa fedha ya kodi, nayo ilipita mkononi mwa mtu wa shamba mara chache kwa mwaka, ikaenda bomani. Lakini hela ilikuwa fedha ya kila siku, ya kununulia chumvi, na kiberiti, na samaki, na ya kupokea sokoni. Kitu kionwacho kila siku ndicho kinachokaa ulimini. Mtu akasema "sina hela", maana yake hana hata kipande kidogo cha shaba, na kidogo kidogo maana ikapanuka hata ikawa hana fedha yo yote.

Mambo ya namna hii yametokea kwa majirani zetu pia. Nchini Burundi, iliyokuwa chini ya Wadachi mpaka mwaka 1916, fedha huitwa amahera mpaka leo, ingawa sarafu ya nchi ni faranga. Ng'ambo ya ziwa, Waganda huita fedha ensimbi, yaani simbi, ingawa hakuna alipaye kwa kauri. Tena wao, na Wahaya wa Bukoba, wana neno lingine, empiiya au empia, ambalo ndilo rupia iliyokatwa kichwa. Huko Kenya, ambako Wadachi hawakutawala, neno hela halikutia mizizi. Wao husema pesa. Basi mtu apitaye mpaka wa Sirari aweza kujua kwa neno moja tu ni fedha ya nani iliyotangulia kufika.

Pesa nayo imeongeza daraja kama hela. Sehemu ya sitini na nne ya rupia imekuwa jina la fedha zote, hata huduma ya kupeleka fedha kwa simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ikaitwa M-Pesa. Na wazee wakumbuka sumuni, yaani senti 50. Neno hilo latokana na thumuni ya Kiarabu, maana yake sehemu ya nane. Wengi hushangaa, kwa kuwa senti 50 ni nusu ya shilingi. Lakini kumbukeni riale: riale ilikaribia rupia mbili, na sehemu ya nane ya riale ilikuwa robo rupia. Rupia ilipogeuzwa kuwa shilingi 2, robo yake ikawa senti 50, na jina la sehemu ya nane likabaki juu ya nusu.

YALIYO NA FAIDA KWETU

Katika habari hii twapata mambo matatu ya kukumbuka.

La kwanza ni kwa wenye hati za zamani. Ukiona katika karatasi ya babu yako, au katika daftari la misheni, maneno "Rupie 2, Heller 50", usiyasome kama "hela hamsini" za siku hizi, wala usiseme ni makosa ya karani. Ni rupia mbili na nusu kamili. Na ukiona hesabu ya pesa 32 au pesa 48 katika karatasi ya kabla ya mwaka 1904, jua kwamba ni nusu rupia na robo tatu ya rupia, kwa maana rupia yake ilikuwa na pesa 64. Karatasi hizo msizitupe wala msizitumie kufungia vitu. Ni ushahidi wa mali na kazi ya watu waliokwisha kufa, na pengine ndio pekee.

La pili ni kwa waandishi wa mapatano. Hela na pesa ni maneno mazuri ya kusema, lakini si maneno ya kuandika katika hati. Atakayeandika "nimekopa hela laki moja" ameacha mlango wazi, hasa katika nchi zetu za mpakani ambapo shilingi ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda zina jina moja lakini thamani mbali mbali. Mvuvi wa Ukerewe auzaye samaki kwa mtu wa Kisumu, na mwenye mashua apangishaye chombo kwa mtu wa Entebbe, na aandike jina la fedha kwa ukamilifu: shilingi za Tanzania, au za Kenya, au za Uganda. Neno moja likiachwa laweza kuzaa kesi, na hakimu hawezi kuamua kwa neno lisilo na kipimo.

La tatu ni la kila mtu. Kipimo kidogo ndicho mahali hasara inapojificha. Aliyepunjika kwa hela hakupigwa wala hakuibiwa usiku. Alihesabiwa mbele ya macho yake, kwa jina aliloliamini. Wakulima wa pamba wa Usukuma walilijua jambo hili vema. Malalamiko yao juu ya mizani ya wanunuzi ndiyo mojawapo ya sababu zilizowafanya waunde vyama vyao vya ushirika katika miaka ya 1950, hata mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria, lenye makao Mwanza. Walijua kwamba ratili moja ikipunjwa kidogo ni jambo dogo, bali gunia kwa gunia, msimu kwa msimu, ni nyumba ya mtu.

Waalimu wanaweza kulifanya somo hili darasani pasipo gharama. Wapeni watoto hesabu ya pesa 40 tuliyoifanya hapo juu, waigeuze kuwa hela, kisha watafute hasara yake. Watajifunza sehemu na mia, na pamoja na hayo watajifunza habari za nchi yao. Tena waulizeni kama nyumbani kuna kipande cha shaba chenye taji na mwaka wa 1904 au zaidi. Kikionekana, kisisuguliwe kwa mchanga, kwa kuwa maandishi yatafutika; kifutwe kwa kitambaa laini na kuwekwa mahali pakavu.

Basi, hela ilianzia katika mji wa chumvi, ikashuka kutoka fedha hata shaba, ikavuka bahari kuja kuwa sehemu ya mia ya rupia, ikatumika hapa kwa muda wa miaka kumi na michache tu, kisha ikafa. Jina lake lingali midomoni mwetu, na hakuna haja ya kuliacha. Semeni hela mnapozungumza. Lakini mnapoandika na mnapohesabu, tajeni shilingi, na mtaje ni ya nchi gani.